Mjomba ameachishwa kazi baada ya miaka 21, na hataki kudai

*Shangazi, shikamoo.*

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha Kasulu, ila kwetu ni Ujiji. Nakuandikia habari za mjomba wangu, mdogo wake mama. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, mjomba akanichukua, akanisomesha, akaniozesha. Kwa hiyo nikisema mjomba, elewa nasema baba.

Mjomba ana miaka 56. Kwa miaka 21 amekuwa mtunza stoo wa duka kubwa la vifaa vya ujenzi pale Kigoma mjini, lenye godauni Kibirizi. Saruji, mabati, nondo, misumari, vinavyoshushwa kwenye treni na vinavyopakiwa kwenye maboti ya Burundi na Kongo, vyote vilipita kwenye daftari lake. Mwaka 2021, maji ya ziwa yalipopanda yakaingia hadi godauni, alilala humo siku tatu akihamisha mifuko na vibarua. Tajiri alikuwa Dar. Aliporudi alikuta imeharibika mifuko kumi na mmoja tu. Mjomba anaikumbuka hesabu hiyo mpaka leo.

Tajiri amezeeka sasa, anaumwa, biashara ameishika mwanawe. Kijana huyo, mjomba ndiye aliyemfundisha kupima misumari kwenye mizani. Shule zikifungwa alikuwa anashinda naye stoo. Siku kumi na sita zilizopita, Jumatatu saa mbili asubuhi, kijana alimwita ofisini. Akamwambia wameweka kompyuta, kazi ya mtunza stoo haipo tena, aache funguo mezani. Akampa bahasha yenye laki sita na karatasi ya kusaini iliyoandikwa: "Nimepokea stahiki zangu zote na sina madai yoyote." Basi. Hakuna notisi, hakuna barua. Mjomba alipokea bahasha, karatasi akasema ataisoma nyumbani. Bado hajaisaini. Kijana ameshapiga simu mara mbili kuiulizia.

Mshahara wake ulikuwa 420,000. Mkataba wa maandishi hakuwahi kupewa. NSSF, mfuko wa pensheni, aliandikishwa mwaka 2009, kabla ya hapo hakuwa anakatwa kitu. Likizo mara ya mwisho alichukua miaka miwili nyuma.

Ijumaa iliyopita nilikwenda nyumbani. Niliamka alfajiri nikamkuta uani amekaa kwenye kiti, amevaa shati la kazi limepigwa pasi, hana pa kwenda. Kila baada ya muda mkono wake wa kulia unashuka kiunoni kutafuta funguo. Shangazi, mkanda wake wa ngozi umelika upande ule, umebonyea kwa uzito wa funguo za miaka yote hiyo. Nilirudi ndani nikalia.

Nilimwambia twende CMA, ofisi ya migogoro ya kazi, tukafungue malalamiko. Alinikatalia, tena kwa ukali ambao hajawahi kunionyesha. Alisema: "Yule mzee ndiye aliyemzika mama yangu. Sanda yeye, lori la kubebea watu yeye. Leo nimburuze kwenye mabaraza?" Kaka yake mkubwa anamshauri auze kishamba chake cha michikichi kule Mwandiga, achanganye na laki sita, anunue boti ya dagaa. Mkewe analia tu. Mtoto wao wa mwisho yuko kidato cha nne na hajaambiwa lolote.

Mimi nina hasira. Nataka nikafungue hiyo kesi mwenyewe bila kumwambia, na nikitoka hapo nikamkabili yule kijana mbele za watu. Nishauri kabla sijaharibu.

*Mpwa, Ujiji*

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeitoa kwenye zamu yake nikaijibu kwanza, maana kwenye suala hili kuna siku zinazohesabiwa. Leo ni Jumamosi, siku ya 19 tangu mjomba aache funguo mezani. Sheria inampa mfanyakazi aliyeachishwa kazi siku 30 kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo CMA unayoitaja. Zimebaki 11. Akichelewa anaweza kuomba apokelewe nje ya muda, lakini atatakiwa kueleza sababu nzito ya kuchelewa, na "nilikuwa namheshimu tajiri" sidhani kama itamtosha.

Naanza na hilo la kumfungulia kesi kimyakimya. Usifanye. Kwanza halifanyiki hivyo: fomu ya malalamiko inataka sahihi yake yeye mwenyewe au ya mtu aliyemruhusu kumwakilisha, na nakala ya fomu lazima mwajiri aipate kabla haijafunguliwa. Kijana atapiga simu siku hiyohiyo, na mjomba atajua kutoka kwake kwamba mtoto aliyemlea amemzunguka. Ameshafanyiwa jambo kubwa bila kuulizwa mwezi huu, asifanyiwe la pili na wewe. Na hilo la kumkabili kijana mbele za watu, mwanangu, litakupoza wewe kwa dakika tano, halafu ndilo litakalozungumzwa mji mzima badala ya jambo lenyewe.

Sasa tuje kwa mjomba. Nimeyasoma maneno yake kuhusu mazishi ya bibi yako mara kadhaa. Usiyachukulie kama woga. Kwetu mtu aliyekuzikia mzazi hamalizani nawe. Ukienda kumwambia "mjomba, tajiri amekutumia tu," utakuwa unamwambia kwamba miaka 21 ya maisha yake ilikuwa upuuzi, naye atajifunga zaidi. Mwache amshukuru mzee wake. Mazishi yale yalikuwa utu, na utu hulipwa kwa utu. Nadhani zile siku tatu ndani ya maji zilikuwa sehemu ya malipo hayo. Mshahara, notisi na kiinua mgongo ni hesabu nyingine, ya kazi, ambayo mzee akiwa mzima wa afya angeifunga mwenyewe.

Wewe unajua lugha anayoielewa mjomba kuliko zote. Ni daftari la stoo. Kaa naye, kalamu mkononi, mpigieni hesabu pamoja.

Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Andika 420,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza kazini, na sheria inahesabu miaka isiyozidi 10. Hapo nakiri sheria inaniuma. Miaka yake 11 mingine inapita hivihivi kama hakuifanya kazi. Kwa mfanyakazi wa siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 26, kwa hiyo siku yake moja ni kama 16,150. Mara 7, mara 10, inakuja 1,130,000 na ushee. Jumlisha na notisi, ni 1,550,000, na bado hamjaweka siku alizofanya kazi mwezi ule wala likizo, ambayo kisheria ni siku 28 kila mwaka.

Halafu mwulize hivi: "Mjomba, lori likishusha mifuko 60, na karatasi ya kupokelea mzigo imeandikwa mifuko 155, ungesaini?"

Usiongeze neno. Mwache afikiri.

Karatasi ile ndiyo kitu cha hatari kuliko vyote kwenye barua yako, na kwamba hajaisaini kunanionyesha mtunza stoo ndani yake bado yuko macho. Asiisaini. Laki sita ameshazipokea, asione haya kuzitumia kwa chakula na ada, lakini akilazimika kuandika chochote aandike kwa mkono wake: nimepokea shilingi 600,000, tarehe fulani, kama sehemu ya malipo yangu. Na abaki na nakala. Kijana akipiga simu tena, jibu ni moja na la adabu: "Naisoma bado, nitakuletea maandishi."

Kuna jambo la pili ambalo pesa hailigusi. Kumwambia mtu nafasi yako haipo tena, kompyuta imeichukua, si kosa, biashara hubadilika. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa mapema kwamba anakusudia kupunguza, aeleze sababu, kisha akae na wahusika wajadili kama kuna namna ya kuepuka, nani apunguzwe na kwa kigezo gani, na malipo yatakuwaje. Hayo yote huwa kabla ya kuachisha. Mjomba aliitwa saa mbili, akatoka bila funguo. Angekuwa ameitwa miezi miwili nyuma, akaambiwa "mzee wangu, mambo yanabadilika, tufanyeje," huenda angejifunza hiyo kompyuta. Mtu aliyeshika kichwani mzigo wa godauni zima kwa miaka 21 hashindwi na kibodi. Hakupewa nafasi hata ya kushindwa, na hilo ndilo linalomkalisha uani alfajiri na shati la pasi. Kwenye fomu alieleze kama lilivyotokea. Na kama mtasikia kwamba pale stoo ameshawekwa mtu mwingine, andikeni pia, kwa sababu hapo hata ile sababu ya kwanza inaanguka.

Mkataba wa maandishi usiwatishe. Mwenye wajibu wa kumwandikia mfanyakazi masharti ya kazi ni mwajiri, na shauri likifika mbele asipoweza kuyaonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Lakini kusanyeni mlichonacho. Vocha za mshahara, kitambulisho, picha aliyopigwa godauni, ujumbe wa simu wa kijana akiulizia karatasi (usifutwe huo), na majina ya vibarua waliohamisha naye mifuko mwaka 2021.

Jumatatu asubuhi aende NSSF kabla ya CMA, au wewe uwe CMA unaulizia fomu yeye akiwa NSSF. Aombe taarifa ya michango yake tangu 2009, mwezi kwa mwezi. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na mjomba ameshaupita. Pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180. Tangu 2009 mpaka sasa miezi inatosha, kama kweli ilipelekwa. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini, kwa sababu kukatwa kwenye mshahara na pesa kufika NSSF ni mambo mawili. Mkikuta miezi imerukwa, semeni palepale dirishani, mfuko una mamlaka ya kumfuata mwajiri. Ile miaka ya kabla ya 2009 nayo muiulizie. Nakuambia ukweli, kwa mtu wa umri wake huenda hii taarifa ya michango ikawa na uzito kuliko laki tisa na nusu zilizobaki kwenye hesabu yetu.

Kuhusu neno "mabaraza" analolichukia. Mwelezee kwamba kazi ya kwanza ya ofisi ile ni usuluhishi. Mnakaa mezani, yeye, kijana na msuluhishi, mlango umefungwa, hakuna anayevuliwa nguo. Mwafaka ukipatikana unaandikwa na kazi imekwisha. Usipopatikana ndipo linakwenda hatua ya uamuzi. Waha na Wamanyema wa Ujiji wamekuwa wakikalisha wazee kwenye mikeka tangu zamani. Hiki ni kikao cha namna hiyo chenye mhuri wa serikali. Anaweza kwenda na mtu wa kumwakilisha. Kama hana chama cha wafanyakazi, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri wawaelekeze kwa wasaidizi wa kisheria, wanaosaidia bila malipo.

Na yule mzee mgonjwa, mjomba aende kumjulia hali. Naisema hii kwa moyo wote. Aende na kaka yake au na mzee mmoja wa mtaa, achukue na kitu mkononi, amsalimie, amwombee. Asipeleke madai. Mimi nahisi mzee hajui kilichofanyika kwenye meza ile, ingawa siwezi kuapa. Akiuliza "stoo inaendaje?" mjomba ajibu kweli: "Mzee, mimi sipo tena, tangu Jumatatu ile." Aishie hapo. Ila ajue, na wewe umkumbushe kila siku, kwamba mazungumzo hayasimamishi siku 30. Wakiahidiwa "njooni wiki ijayo tutalimaliza kifamilia," waitikie vizuri, na fomu iende vilevile. Ikiisha kifamilia ataiondoa.

Sasa boti ya dagaa. Hapa nitakuambia la kwangu. Mwaka 1996 marehemu mume wangu alipunguzwa kazi kwenye shirika moja la umma, Tabora, wakati ule wa ubinafsishaji. Alipewa fedha zake zote siku moja. Ndani ya wiki tatu akanunua pikapu chakavu ya kusombea tumbaku kutoka Urambo, kwa ushauri wa ndugu waliompenda kwelikweli. Injini ilikufa kabla ya msimu kwisha. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba hakuitaka ile gari. Alitaka kitu cha kuamkia asubuhi. Ningelijua hilo siku zile ningemtafutia cha kuamkia kisichokula akiba yetu.

Kwa hiyo michikichi isiuzwe. Mwambie mjomba mkubwa kwa heshima kwamba kwa miezi sita hakuna kinachouzwa wala kununuliwa. Kishamba cha Mwandiga kinaweza kuwa ndicho cha kuamkia: kinahitaji mtu wa kufyeka, kuhesabu mikungu, kujua kila mche umezaa lini. Mkewe akianza kukamua mawese hata madumu machache, atahitaji mtu wa kuandika yaliyoingia na yaliyotoka. Usimtangazie kwamba ni tiba. Mnunulie daftari la kurasa mia mbili, gumu, lenye mistari, uliache mezani.

Huyo wa kidato cha nne aambiwe, na aambiwe na baba yake. Mtoto wa umri ule ameshaliona shati linalopigwa pasi bila safari. Anajua kuna jambo, na anachokiwazia kichwani huenda ni kibaya kuliko kilichotokea.

Mwangalie mjomba pia kwa macho ya usiku. Kama halali usingizi, hali chakula, ameacha kwenda msikitini, au anasema maneno kama "mimi sina kazi tena hapa duniani," usimsubiri apoe. Mpelekeni hospitali ya Maweni mkaongee na daktari. Kuna wanaume wanaobeba hili kimya hadi linawalemea, na wake zao wanaishia kusema "tulidhani amechoka tu."

Mwisho kuna karatasi moja ambayo nataka idaiwe hata kama mengine yote mjomba atayasamehe, maana kusamehe ni haki yake na sitamnyang'anya. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Mjomba atoke pale na maandishi yanayosema jina lake, kazi yake, na mwaka alioanza hadi siku aliyomaliza. Akikubali hiki kimoja tu, muandikie barua ya kukiomba leo jioni, yeye asaini, mbaki na nakala.

Panda gari leo, Kasulu si mbali. Ufike usiku, ule naye chakula, usizungumze lolote. Kesho Jumapili mkae uani na kalamu. Na ukishajua amesema nini kuhusu ile mifuko 155, niandikie, hata kama amekataa.

Shangazi